Mlango unatazama wapi? Jibu kwa mwalimu wa Katuba

Swali: «Yaya, mkubwa wangu, salamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo. Katika likizo ya Julai nataka kuzunguka na pikipiki: Kapolowe, Likasi, na kama njia inaruhusu, Bunkeya. Ninatafuta misheni za zamani, nyumba za wakati wa Wabelgiji na mahali pa kale pa mababu zetu, nipige picha niwaonyeshe wanafunzi. Nina simu nzuri na kamera ndogo ya mtumba. Shida ni kwamba makanisa yangu yote yanalala kwa nyuma kama yanataka kuanguka, matofali yanatoka meusi na mbingu inatoka nyeupe. Tena kila ninaposimama kuna mtu anayeniuliza nani amenipa ruhusa. Nifanye nini? Ninunue kamera kubwa?»

Mdogo wangu, usinunue kamera. Pesa hiyo itie mafuta kwenye pikipiki, kwa sababu jengo la kale halipatikani kwa kupita mara moja. Matofali meusi na mbingu nyeupe ni habari ya jua. Kuta zinazolala ni habari ya mahali miguu yako iliposimama. Kamera kubwa ingekupa makosa hayo hayo, ila makubwa zaidi. Nianze na jua, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza safari nzima.

Ukifika mahali, fungua kwanza dira iliyo katika simu yako. Simama mlangoni mwa kanisa, upe mlango mgongo, tazama kule mlango unakotazama, kisha soma namba. Kaskazini ni 0, mashariki ni 90, kusini ni 180, magharibi ni 270. Iandike. Namba hiyo moja inakuambia saa ya kupiga picha, na wakati mwingine inakuambia hata mwezi.

Sisi wa Lubumbashi tuko kusini ya Ikweta, kwenye digrii 11 na nusu na kitu kidogo. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi mpaka karibu na mwisho wa Septemba, jua letu linakaa upande wa kaskazini kutwa nzima. Linachomoza upande wa mashariki likiwa limesogea kaskazini, saa sita mchana liko kaskazini, na linazama magharibi likiwa bado limesogea huko huko. Ukuta unaotazama kusini haupati jua hata dakika moja katika miezi hiyo yote. Sasa wewe unasafiri Julai. Ukisimama mbele ya kanisa ambalo mlango wake unatazama kusini, mbele yako kuna kivuli, na juu ya paa kuna mbingu inayowaka. Kamera haiwezi kubeba vyote viwili kwa pamoja. Ikifuata mbingu, matofali yanakuwa makaa. Ikifuata matofali, mbingu inakuwa karatasi. Sina shaka kwamba hilo ndilo lililokupata.

Mambo yanageuka wakati wa mvua. Karibu na tarehe 24 Oktoba jua la saa sita linapita juu ya utosi wetu, linahamia kusini, na halirudi mpaka karibu na tarehe 18 Februari. Mnamo Desemba ukuta wa kusini ndio unaokula jua, na wa kaskazini ndio unaolala gizani. Nimeona watu wakirudi mwaka baada ya mwaka mbele ya jengo lile lile, kila mara Julai, kila mara wakilaumu kamera, na jengo linawangoja Desemba.

Kwa safari yako basi, fanya hivi. Jua la Julai linatoka karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni. Mlango unaotazama mashariki uupige kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, hewa ikiwa bado baridi. Unaotazama magharibi ungoje tangu saa tisa hadi saa kumi na moja. Unaotazama kaskazini utakuwa na jua siku nzima, lakini usiupige saa sita: jua likiwa juu, varanda na ukingo wa paa vinamwaga kivuli kirefu ukutani na kukata jengo vipande viwili. Nenda asubuhi au alasiri, mwanga ukija kwa ubavu. Mwanga wa ubavu ndio rafiki wa tofali. Unaingia katika kila mfereji wa simenti kati ya matofali, unaweka kivuli chembamba, na ukuta unapata mwili. Mwanga unaotoka moja kwa moja nyuma ya mgongo wako unaufanya ukuta uwe bapa kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Na mlango wa kusini? Ngoja jua lizame. Kwa muda wa dakika ishirini hivi baada ya hapo, mbingu inapoa hadi inalingana na ukuta, na kamera inaweza kubeba vyote viwili. Weka simu juu ya kitu kisichotikisika, kiti cha pikipiki chenye mfuko wa mchele kinatosha, tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise, na upige nyingi. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupata za kanisa la kijijini nilizipata hivyo, watu wakiwa wamekwisha kwenda kula.

Nenda mwanzoni mwa Julai kuliko mwishoni. Moto wa majani ukianza kushika pori, moshi na vumbi vinajaa hewani, na kufikia Septemba hata jengo lililo mita mia mbili mbele yako linapoteza rangi. Usikate tamaa ukikuta ukungu wa asubuhi upande wa mto Lufira, huo unaondoka wenyewe, na kabla haujaondoka unakupa picha ambazo mchana hauwezi kutoa.

Sasa kuta zinazolala. Unasimama karibu na kanisa, mnara hauingii wote, unainua simu juu. Pale pale kuta mbili zinaanza kukutana juu kama mikono ya mtu anayeomba. Sheria ni moja: simu ikisimama wima kabisa, kuta nazo zinasimama wima. Washa mistari ya gridi katika kamera ya simu, linganisha mstari wa wima na pembe ya jengo. Mnara ukikatika, usiinue simu, rudi nyuma. Rudi tena. Kisha kuza picha mara mbili. Achana na ile lensi pana ya simu, inayavuta majengo kama ulimbo.

Lakini ukirudi nyuma na simu imesimama wima, nusu ya picha inakuwa uwanja mtupu. Hapo ndipo Katanga, eneo letu hili, inatusaidia kuliko nchi nyingi. Tafuta kichuguu! Vile vichuguu vikubwa vya kwetu vinafika mita tano na zaidi, na mara nyingi kuna kimoja mbele ya misheni au pembeni ya uwanja wa mpira. Panda juu yake. Macho yako yakifika katikati ya urefu wa jengo, huna tena haja ya kuinua simu, na uwanja unapungua kwenye picha. Uliza kwanza kama kichuguu hicho hakina kaburi wala heshima fulani ya wenyeji. Kama hakuna kichuguu, omba ghorofa ya nyumba iliyo ng'ambo, au simama juu ya ukingo wa kisima. Likishindikana kabisa, programu kama Snapseed ina chombo cha kunyoosha kuta, ila inakata pembe za picha, kwa hiyo acha nafasi pande zote unapopiga.

Jifunze hayo mjini kabla ya kuondoka, ni bure. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa kwa matofali yapata miaka mia moja iliyopita, ni mwalimu mzuri wa mwanga wa ubavu. Jumba la tamthilia la miaka ya 1950, la mchora majengo Claude Strebelle na wenzake, litakufundisha mistari iliyopinda na kuta nyeupe zinazoidanganya kamera: gusa ukuta kwenye kioo cha simu, ushushe mwanga kidogo, la sivyo weupe wote unaungua. Na shemini, yaani bomba la moshi, ya kampuni ya madini Gécamines, yenye zaidi ya mita 150, itakufundisha kurudi nyuma. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya reli kufika hapa. Ukiipiga shemini karibu, ni bomba tu. Ukiipiga toka mbali, na paa za mabati za watu mbele yake, unaona kwa nini mji huu uko hapa ulipo. Ipige toka barabara ya watu wote, usisogelee uzio.

Nifungue moyo kidogo. Nilipokuwa kijana kulikuwa na nyumba moja ya zamani mjini, yenye varanda ya mbao na nguzo nyembamba za chuma. Niliipenda. Nilipiga picha ya kitasa cha mlango wake, rangi iliyobambuka, kivuli cha nguzo kwenye sakafu. Zilikuwa picha nzuri, watu walizisifu. Siku moja nilipita pale nikakuta ni kiwanja kilichosawazishwa. Nilirudi nyumbani nikatafuta katika picha zangu zote, na sikuwa na hata moja inayoonyesha nyumba ilivyokuwa imesimama. Hakuna aliyeweza kuniambia ilikuwa na madirisha mangapi. Mpaka leo kitasa kile kinaniuma.

Tangu hapo kila jengo nalipiga kwanza kama shahidi, ndipo nalipiga kama mpenzi. Picha ya shahidi ni kavu, haitapata sifa: mbele yote, wima, kutoka paa mpaka ardhini, kisha pembe moja inayoonyesha pande mbili, kisha pande zilizobaki, hata ile ya choo na kuni. Paa kama unaweza kupanda mahali. Ndani ukiruhusiwa, kutoka kona hadi kona. Halafu vile vinavyosema: jiwe la msingi lenye mwaka, chapa ya kiwanda kwenye vigae au nguzo, namna matofali yalivyopangwa, nyufa. Karibu na kitu kidogo weka kalamu ili ukubwa ujulikane, na mbele ya jengo mwombe mtu asimame mlangoni. Ukimaliza, weka simu mfukoni, kaa chini, tazama. Picha ya upendo huja hapo, na huja haraka kwa sababu jengo umeshalizunguka lote.

Kuhusu ndani ya kanisa, usitumie flashi. Inaangaza viti vya mbele na kuua vingine vyote. Simama ubavuni mwa dirisha badala ya kulielekea, ili mwanga ukupite kwenda ukutani.

Umeandika «mahali pa kale pa mababu zetu». Hapa lazima tubadili macho, maana ukitafuta magofu ya mawe huku kwetu utarudi mikono mitupu na kudhani hatukuwa na kitu. Mambo ya kale ya Katanga hayakusimama juu, mengi yamelala ardhini. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wachimbaji wa elimu ya kale walifungua makaburi mengi tangu mwaka 1957: vyungu, mikufu, vyombo vya shaba, misalaba midogo ya shaba, mengine ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Pale juu ya ardhi leo hakuna cha kupiga picha isipokuwa maji na nyasi. Ila jumba la makumbusho la Lubumbashi lipo kwa ajili hiyo, na msalaba wa shaba ni mnara wetu sawa na jengo lolote. Omba ruhusa, zima flashi, gusisha lensi kwenye kioo cha kabati na uizungushie kitambaa cheusi ili kioo kisirudishe sura yako.

Waambie watoto na jambo hili. Wayeyushaji wa zamani walijenga tanuru zao kwa udongo wa kichuguu, wakatia ndani mawe ya kijani ya malakiti na makaa, wakavukuta mpaka shaba ikatiririka. Baadaye matofali mengi ya mji huu yakachomwa kwa udongo huo huo wa vichuguu. Kwa hiyo ukikuta kichuguu, rundo la mavi ya shaba, yaani taka za kuyeyusha, na ukuta wa misheni katika siku moja, vipige vyote vitatu na uviweke ukurasa mmoja. Hapo mtoto wa Katuba ataelewa kwamba ukuta wa misheni na tanuru ya babu yake ni ndugu wa udongo mmoja.

Bunkeya ni habari nyingine. Ule ulikuwa mji mkuu wa Msiri, aliyetoka upande ambao leo ni Tanzania na kujenga ufalme wa Garenganze kwa shaba, pembe, na, lazima tuwaambie watoto ukweli, biashara ya watumwa. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na Omer Bodson, ofisa wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mji wenyewe ulikuwa wa miti na udongo, kwa hiyo usitegemee kuta. Unakwenda kwa watu, kwa makaburi na kwa kumbukumbu. Bayeke, watu wa Msiri, wanaadhimisha tarehe hiyo kila mwaka, na Desemba, kama nilivyokuambia, jua liko kusini. Ukifika, pikipiki isiende kaburini kwanza. Iende kwa chifu. Piga hodi, jitambulishe, sema wewe ni mwalimu wa wapi na picha ni za nini, kaa ungoje. Wakikuambia hapa piga, pale usipige, shika neno lao bila kubishana. Na kama siku hiyo jibu ni hapana, andika katika daftari yale uliyoambiwa. Maneno ya mzee aliyekataa picha yamewahi kunifaa kuliko picha.

Hapo tumefika kwenye swali lako la ruhusa. Nchi yetu ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni, ile ya mwaka 1971, lakini askari wa barabarani hatakuuliza hiyo. Atakuuliza karatasi. Omba barua ya mkurugenzi wa shule yako yenye muhuri, inayosema jina lako, vijiji utakavyopita, tarehe, na kwamba picha ni za masomo. Tengeneza nakala tano. Unapoingia mahali, ipeleke kwanza kwenye ofisi ya serikali ya pale, kisha kwa chifu, kisha kwa padri wa parokia. Inachukua asubuhi moja na inakuokolea siku tatu.

Kuna vitu usivipige hata uwe na barua kumi: kambi za askari, vituo vya polisi, uwanja wa ndege, madaraja, vituo vya reli vinavyotumika, machimbo, na mabwawa ya umeme. Najua bwawa la Mwadingusha kwenye Lufira, la mwaka 1930, ni la kihistoria, na ziwa Tshangalele lililo karibu na Kapolowe limezaliwa nalo. Piga ziwa, piga wavuvi wakikubali, bwawa uliache. Mimi nilikaa siku nzima juu ya benchi la kituo kimoja kwa sababu ya daraja zuri la chuma, na picha zote za wiki mbili zikafutwa mbele yangu, pamoja na za misheni mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Tangu hapo kila jioni nahamisha picha za siku kwenye kadi nyingine.

Likasi, iliyoitwa Jadotville, itakufurahisha: mitaa mipana, varanda, nyumba za kampuni zilizopangwa kwa safu. Tembea kwa miguu, omba ruhusa kwa wanaoishi ndani, maana hizo si makumbusho, ni nyumba za watu, kuna nguo zimeanikwa na chungu kiko jikoni. Mtu akikubali, mpelekee picha iliyochapishwa. Studio za karibu na soko la Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, zitakuchapishia, na safari ya pili mlango huo utafunguka kabla hujabisha. Lakini kutoka Likasi usishawishike kwenda kwenye mgodi wa zamani wa Shinkolobwe. Najua historia yake, urani ya bomu la Hiroshima ilitoka sehemu kubwa pale. Ni mahali palipofungwa, ardhi yake ina mionzi, na mashimo yamewahi kufukia watu. Picha yake haistahili afya yako.

Mwisho, daftari. Kila jioni, kabla ya kulala, andika namba za picha, jina la mahali kama wenyeji wanavyolitamka, tarehe, namba ya dira, na nani alikuambia nini. Picha isiyo na maneno haya, baada ya miaka kumi ni ukuta tu. Weka nakala mahali pawili, moja isisafiri nawe. Unapowatumia wenzako kwa WhatsApp, zitume kama hati, maana zikienda kama picha zinabanwa na nyufa zote za tofali zinapotea.

Ukifika Kapolowe, kabla ya picha ya kwanza, niandikie namba ya dira ya mlango wa kanisa. Nitakujibu saa ile ile ni wakati gani uwe umesimama pale.